Dumu la Mafuta na Kopo la Dagaa

Ushauri kuhusu mafuta umezoea kutufikia kwa sauti ya kukataza. Zamani tuliambiwa tuogope nyama nono na samli, kisha nazi, kisha mayai. Miaka ya karibuni katazo jipya limeingia kwenye simu zetu: mafuta ya mbegu, yaani alizeti, mahindi, pamba na wenzao, yametajwa kuwa sumu ya polepole kwa sababu yamejaa omega-6, na anayetaka kupona ayamwage. Hoja ya makala hii ni nyingine. Katika kaya nyingi za Afrika Mashariki tatizo la mafuta si kile kilichozidi bali kile kilichokosekana, na kilichokosekana ni omega-3, hasa ile inayopatikana kwa samaki. Anayelimwaga dumu la alizeti kisha akaendelea na sufuria ileile isiyoona samaki wiki nzima hajasawazisha kitu. Amepoteza fedha tu.

Tuanze na sababu ya mafuta haya kuitwa muhimu. Mwaka 1929 George Burr na mkewe Mildred, wakifanya kazi Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwalisha panya chakula kilichoondolewa mafuta kabisa lakini chenye kila kitu kingine kilichojulikana wakati huo. Panya walidumaa, mikia ikawa na magamba, figo zikaharibika, wakafa mapema. Walipopewa kiasi kidogo tu cha asidi ya linoleiki, ambayo ndiyo omega-6 kuu ya mimea, walipona. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba mafuta ni nishati tu, na kwamba wanga ungeweza kushika nafasi yake. Omega-3 ilichelewa kupewa heshima hiyo. Mwaka 1982 iliripotiwa habari ya mtoto wa miaka 6 huko Marekani aliyekuwa akilishwa kwa mshipa baada ya kuumia tumbo. Mafuta aliyopewa yalitokana na kartamu, mmea wa jamii moja na alizeti, yenye omega-6 tele na omega-3 kidogo mno. Baada ya miezi kadhaa alianza kufa ganzi, miguu ikalegea na kuuma, macho yakawa hayaoni sawasawa. Madaktari walipobadilisha wakampa mafuta ya soya, ambayo yana omega-3 ya kutosha, dalili hizo zilitoweka. Mtoto yule hakupunjwa mafuta, alipunjwa aina moja ya mafuta, na hilo ndilo la kushika katika haya yote yanayofuata.

Aina hizo mbili haziwezi kutengenezwa na mwili wa binadamu, wala moja haiwezi kugeuzwa kuwa nyingine. Omega-6 ya mimea ni asidi ya linoleiki. Omega-3 ya mimea ni asidi ya alfa-linoleniki, ambayo hapa tutaiita ALA. Mwili hurefusha kila moja kuwa asidi ndefu zaidi zinazofanya kazi kwenye kuta za seli, na kwa upande wa omega-3 asidi hizo ndefu ni EPA na DHA. DHA ndiyo iliyojaa kwenye ubongo na kwenye retina ya jicho. Ugumu unaanzia hapa: jamaa hawa wawili hutumia vimeng'enya vilevile, hivyo linoleiki ikiwa nyingi sana na ALA ikiwa haba, ALA hupata nafasi ndogo. Hata nafasi ikiwepo, ubadilishaji wenyewe ni mdogo. Sehemu ndogo ya ALA hufika kuwa EPA, na inayofika DHA ni ndogo zaidi, ingawa wanawake wa umri wa kuzaa hubadilisha vizuri kidogo kuliko wanaume. Samaki ana EPA na DHA tayari zimekamilika, kwa hiyo hutuvusha kikwazo hicho.

Sasa tupige hesabu ya jikoni, maana mjadala huu mara nyingi huendeshwa bila hesabu. Chukua familia ya watu watano inayomaliza lita moja ya mafuta kwa wiki. Lita moja ni takriban gramu 920, na ukigawa kwa siku saba na kwa watu watano unapata gramu 26 hivi kwa mtu kwa siku. Yakiwa ni mafuta ya kawaida ya alizeti, ambayo karibu asilimia 60 ni linoleiki, kila mtu amepata gramu 16 za omega-6 kabla hatujahesabu ugali, karanga wala maandazi. Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka kiasi cha kutosha kwa siku kuwa gramu 12 kwa mwanamke na 17 kwa mwanamume. Kwa dumu peke yake, basi, omega-6 imeshatimia au imekaribia. Geuza upande wa pili. Taasisi hiyohiyo iliweka gramu 1.1 za ALA kwa mwanamke na 1.6 kwa mwanamume, na katika gramu 26 zile za alizeti ALA haifiki hata sehemu ndogo ya kuandikwa. Sifuri, kwa lugha ya sokoni.

Familia inayotumia mafuta ya mawese yaliyosafishwa, na ndiyo mengi yanayouzwa kwa kupimiwa mijini kwa sababu ya bei, ina hesabu tofauti kidogo. Mawese yana linoleiki karibu asilimia 10, kwa hiyo gramu 26 zinaleta gramu mbili na nusu hivi. Nazi ina kidogo zaidi, karibu asilimia 2. Lakini omega-6 ina milango mingi: ugali wa dona bado una kiini cha mahindi chenye mafuta ya linoleiki (sembe imekipoteza kwenye kinu), karanga zinayo, ufuta unayo, kuku wa kisasa aliyelelewa kwa mahindi anayo. Ni shida kuikosa. Omega-3 haina milango mingi kiasi hicho. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinaleta karibu gramu 0.3 za ALA, majani ya kijani kama mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki huongeza kidogo kila siku, na soya iliyosagwa kwenye uji huongeza tena. Mlaji mwenye bidii ya mboga na maharage anaweza kufika nusu ya njia. Ambaye mboga yake ni kijiko kimoja pembeni ya sahani ya wali na chipsi hafiki, na EPA na DHA hazimo kabisa katika hesabu hiyo.

Hapo ndipo mtu wa mitandaoni anapodakia: kama omega-6 imejaa na omega-3 haipo, si tupunguze omega-6? Hoja yake ina msingi unaoeleweka. Asidi ya arakidoniki, ambayo mwili huitengeneza kutokana na linoleiki, ni malighafi ya kemikali zinazochochea uvimbe mwilini. Tatizo ni kwamba njia iliyochorwa kwenye karatasi haikuonekana kwa watu walipopimwa. Mapitio ya majaribio 15 yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakupata ushahidi kwamba kuongeza linoleiki kwenye chakula cha watu wazima wenye afya huongeza viashiria vya uvimbe kwenye damu. Mwaka 2019 watafiti walikusanya pamoja data za tafiti 30 kutoka nchi 13, zenye watu zaidi ya 68,000, ambao linoleiki yao ilipimwa kwenye damu au kwenye mafuta ya mwili badala ya kuulizwa walikula nini. Waliokuwa na linoleiki nyingi zaidi walipata magonjwa ya moyo na kiharusi kidogo zaidi. Ushahidi wa namna hii hauonyeshi kwamba alizeti ni dawa, lakini unatosha kuiondolea jina la sumu.

Upande ule, hata hivyo, una ushahidi ambao si haki kuuficha. Kati ya 1966 na 1973, huko Sydney, Australia, wanaume 458 waliokuwa wameshapata ugonjwa wa moyo waligawanywa makundi mawili, moja likaelekezwa kula mafuta na majarini ya kartamu badala ya mafuta ya wanyama. Data hizo zilipochambuliwa upya na kuchapishwa mwaka 2013, kundi la kartamu ndilo lililokuwa na vifo vingi zaidi. Wapinzani wa mafuta ya mbegu huutaja utafiti huu kwa furaha. Lakini angalia mafuta yaliyotumika: kartamu, yaleyale ya mtoto wa 1982, linoleiki tele bila mwenzake. Watafiti haohao, walipotenganisha majaribio ya zamani yaliyotumia omega-6 peke yake na yale yaliyochanganya omega-6 na omega-3, waliona mchanganyiko ndio uliokwenda na nafuu kwa moyo. Majarini ya wakati ule huenda pia yalikuwa na mafuta ya kugandishwa kiwandani, ambayo ubaya wake haubishaniwi tena, kwa hiyo somo la Sydney halina usafi wa maabara. Kwa kadiri linavyosomeka, linasema jambo lilelile: hatari ni ya omega-6 iliyoachwa peke yake.

Ndiyo maana uwiano unaotajwa sana, wa moja kwa moja au moja kwa nne, usikunyime usingizi. Wataalamu walioitwa Geneva mwaka 2008 na Shirika la Chakula na Kilimo pamoja na Shirika la Afya Duniani walikataa kupendekeza uwiano maalumu, wakaona kwamba kila upande ukiwa ndani ya kiwango chake uwiano hujipanga wenyewe. Kwa EPA na DHA kwa pamoja walipendekeza kuanzia miligramu 250 kwa siku kwa mtu mzima. Uwiano una udanganyifu wake pia: unaweza kuufanya mzuri kwa kula vibaya pande zote mbili, yaani kupunguza alizeti bila kuongeza samaki, na kikokotoo kikakupongeza.

Ushahidi wa karibu na kwetu haukosekani. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, kusini-magharibi mwa Tanzania, uliolinganisha wanakijiji zaidi ya 1,200: wanaoishi kando ya Ziwa Nyasa na kula samaki kila siku, na wa vijiji vya bara ambao chakula chao kilikuwa mimea karibu pekee. Maisha yao yalifanana kwa mengi, tofauti kubwa ikiwa kitoweo. Walaji wa samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi, kolesteroli ya chini zaidi, na omega-3 nyingi zaidi kwenye damu. Watafiti wengine walikwenda Ziwa Kitangiri, katikati ya nchi, wakapima maziwa ya akina mama wanaokula samaki wa ziwa hilo, wakakuta DHA kwa kiwango cha juu mno kikilinganishwa na maziwa ya akina mama wa nchi tajiri. Mtu makini atasema kwamba watu wa ziwani na wa bara wanaweza kutofautiana kwa mengine pia, kuanzia chumvi hadi jasho la kazi. Kweli. Kwa maziwa ya mama, hata hivyo, uhusiano ni wa moja kwa moja: mama asiyekula samaki huitoa DHA ya mtoto zaidi kwenye akiba yake mwenyewe na kwenye ubadilishaji ule mdogo wa ALA.

Kwa hiyo fedha ya kusawazisha mafuta iende kwanza kwa samaki, na kwa watu wengi samaki huyo ni dagaa. Wa Kigoma, wa Mwanza (Mkenya atamwita omena, Mganda mukene), usipa wa Nyasa, dagaa wa baharini: wote huliwa wazima na hupimwa kwa kopo, kwa fungu au kwa kisado kulingana na mfuko wa siku hiyo. Adui wa omega-3 yake ni hewa, joto na jua, kwa sababu asidi hizi ndizo huchacha mapema kuliko mafuta mengine yote. Sokoni mwangalie kwa jicho la mnunuzi wa kitenge. Dagaa aliyekauka vizuri bado ana ngozi ya rangi ya fedha na harufu yake ni ya samaki tu. Aliyegeuka manjano au rangi ya kutu tumboni na kichwani, na ukimtafuna anaacha ukali kooni, mafuta yake yameshaharibika hata kama protini bado ipo. Aliyekaushwa kwenye vichanja ana mchanga kidogo na hukauka haraka kuliko aliyetandazwa chini. Nunua wa wiki mbili badala ya gunia la miezi mitatu, na umhifadhi kwenye chombo kinachofunga, mahali penye giza na ubaridi. Wa pwani aliyechemshwa kwa chumvi aloweke kwanza, hasa nyumbani mwenye mgonjwa wa shinikizo.

Mapishi yanaweza kuokoa au kuharibu. Dagaa aliyezamishwa kwenye mafuta ya alizeti mpaka akakauka kama bisi amepoteza sehemu ya omega-3 na kunywa omega-6, na mlo ukageuka kinyume cha ulichokusudia. Mwoshe kwa maji ya moto atoke mchanga, mwache achemke kwenye nyanya na vitunguu, umalizie kwa tui au karanga iliyosagwa, na mchuzi uliwe wote kwa sababu mafuta ya samaki hushukia humo. Vibua na wenzao wenye mafuta hufaa kuchoma, kupaka au kuchemsha kuliko kukaanga. Milo miwili mpaka mitatu ya namna hii kwa wiki inatosha kwa mtu mzima asiye na ugonjwa. Wanaosema samaki ni ghali huwa wanafikiria sato na minofu ya sangara. Sato hana mafuta mengi hata hivyo, na kichwa cha sangara, ambacho bei yake ni ndogo, kina mafuta kuliko mnofu wake. Kwa mama mjamzito, udogo wa dagaa ni faida nyingine: zebaki hukusanyika kwa samaki wakubwa walao samaki wenzao, kama papa na nduaro.

Na vidonge? Jaribio la VITAL la Marekani, lililotoa matokeo mwaka 2018, liliwapa nusu ya watu 25,871 gramu moja ya omega-3 kila siku kwa miaka mitano hivi. Kwa jumla hakikupungua kwa uhakika kile kilicholengwa, yaani mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vyake vikiwekwa pamoja. Dalili ya faida ilionekana kwa waliokuwa wakila samaki kidogo, jambo linaloendana na hoja yetu, kwamba anayefaidika ni aliyepungukiwa. Dozi kubwa zinaongeza uwezekano wa moyo kupiga bila mpangilio, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azungumze na daktari wake kabla ya kununua kopo lolote. Bei ya kopo moja la vidonge inanunua dagaa wa kutosha familia kwa muda mrefu, na vidonge havina chokaa wala protini.

Dumu lenyewe linaweza kurekebishwa kidogo kwa anayemudu. Mafuta ya soya yana ALA karibu asilimia 7 na ya kanola karibu 9, hivyo gramu zetu 26 zikiwa za soya zinaleta gramu 1.8 za ALA, mahitaji ya siku yameisha. Huna haja ya kuyahama mengine yote: dumu moja la soya kati ya mawili linabadilisha hesabu. Yatumie kwa mchuzi na mboga, si kwa kukaanga kwa mafuta mengi, maana yakipata moto mkali kwa muda mrefu yanaharibika. Hilo linahusu alizeti pia. Mafuta yaliyorudiwa siku nzima kwenye karai la chipsi yameshazalisha mabaki yasiyofaa tumboni, na lawama nyingi yanazorundikiwa mafuta ya mbegu zingefaa zielekezwe kwenye karai hilo. Kwa kukaanga, mawese husimama imara zaidi, ingawa yana mafuta yasiyofaa moyo yakizidi. Kukaanga kwa nadra ndiyo nafuu kubwa zaidi.

Yote haya yamezungumzwa kana kwamba kila nyumba ina lita moja kwa wiki. Nyingi hazina. Kijijini, ambako mafuta ni kifuniko kimoja cha chupa kwenye sufuria ya watu saba, kuhubiri upunguzaji wa omega-6 ni kumwonea mlaji. Wataalamu wale wa 2008 waliweka mafuta yasipungue asilimia 15 ya nishati kwa mtu mzima na 20 kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Hapo ushauri ni kuongeza mafuta yoyote mazuri yanayopatikana, alizeti ya kukamua ikiwemo, pamoja na karanga na dagaa. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji angalau miligramu 300 za EPA na DHA kwa siku, 200 kati yake zikiwa DHA, kwa hiyo fungu la dagaa linapokuwa dogo yeye ndiye wa kwanza kupakuliwa. Mtoto aliyeanza uji aongezewe unga wa dagaa waliosafishwa na kusagwa, kijiko kidogo kwa bakuli, pamoja na karanga au tone la mafuta, kwa sababu uji wa mahindi mtupu karibu hauna mafuta yoyote.

Wasiokula samaki kwa imani, kwa mzio au kwa uamuzi wao, njia yao ni ndefu lakini ipo. Kijiko kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa kinaleta zaidi ya gramu moja ya ALA. Chia, ambayo sasa inalimwa Uganda na Kagera, inakaribia hapo. Kitani isagwe kidogo kidogo, isikae wiki mbili imesagwa kwenye kabati la jikoni lenye joto. Kwa hawa, na kwa hawa pekee, kupunguza alizeti kuna maana, kwa sababu ALA yao inategemea vile vimeng'enya vinavyogombaniwa na linoleiki, na kuchagua soya au kanola kunaondoa ugomvi huo bila kukosesha chakula mafuta. Mjamzito asiyekula samaki aulize kliniki kuhusu DHA inayotokana na mwani, ambako samaki wenyewe huanza kuipata.